Tusiwanyweshe punda dawa kwa mazoea

Ndugu mwandishi, makala ni nzuri, lakini hapo uliposema kila punda wa Lamu apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, sikubaliani nawe. Minyoo haigawanyiki sawa. Kwenye kundi, punda wachache tu ndio wenye kutoa mayai mengi ya minyoo kwenye kinyesi. Wengine wanaishi na minyoo michache wala haiwadhuru. Ukiwanywesha wote kwa pamoja, inayobaki ni ile minyoo sugu, nayo ndiyo itakayozaana. Dawa ya minyoo iitwayo albendazoli imeshashindwa na minyoo midogo ya farasi sehemu nyingi duniani, na dawa nyingine, ivermektini, nayo imeanza kuyumba.

Kinyesi kipimwe kwanza. Daktari wa mifugo mwenye hadubini huhesabu mayai kwa kila gramu, kisha unajua nani atibiwe. Na jamani, dozi za kukisia kwa macho tuziache! Pitisha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele ukadirie uzito, maana dozi pungufu ndiyo inayoifundisha minyoo kuhimili dawa.

Kuna jambo hukuligusa: bunzi wa tumboni, yaani nzi ambaye mabuu yake huishi tumboni mwa punda. Mtazame punda wako miguu ya mbele, utaona vijiyai vya manjano vimeng'ang'ania kwenye nywele. Akijilamba, mabuu huingia mdomoni na kuishia kwenye ukuta wa tumbo, wakakaa humo miezi. Vikwangue kwa kisu butu, mbali na malisho yake. Hiyo haina gharama yoyote.