Wale Saba Hawakujitoa Mhanga

Januari inapoishia, picha ile hurudi mitandaoni: watu saba ndani ya suti za rangi ya chungwa, wote wanatabasamu. Chini yake watu huandika, kwa nia njema kabisa, kwamba mashujaa hawa walijitoa mhanga kwa ajili ya sayansi. Mimi nina ugomvi na sentensi hiyo. Anayejitoa mhanga anajua anachokitoa na anajua ni lini. Wale saba wa Columbia, chombo cha anga cha Marekani, hawakujua.

Kalenda yenyewe ina jambo lake la kushangaza. Misiba mitatu mikubwa ya NASA, shirika la anga la Marekani, imeangukia juma moja la mwaka. Tarehe 27 Januari 1967, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee waliungua ndani ya chombo cha Apollo 1 wakati wa jaribio, wakiwa hata hawajaondoka ardhini. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Tarehe 1 Februari 2003 ikawa zamu ya Columbia, iliyosambaratika ikiwa njiani kurudi duniani. Ndiyo maana shirika hilo limetenga siku moja mwishoni mwa Januari ya kuwakumbuka wote kwa pamoja.

Tarehe 28 Januari 2003, Columbia ikiwa bado inazunguka dunia, kamanda wake Rick Husband na wenzake walisimamisha kazi kidogo ili kuwakumbuka wafu wa Challenger na Apollo 1. Husband aliwasifu kwa kuyatoa maisha yao kwa ajili ya nchi yao na wanadamu wote. Kwa hiyo lugha ninayoigombeza aliitumia mwenyewe, na sina ubavu wa kumsahihisha mtu aliyekuwa huko juu. Ila wakati anasema hayo, bawa la kushoto la chombo chake lilikuwa na tundu, na ardhini walikuwapo watu waliokuwa wamelihofia tundu hilo kwa zaidi ya wiki nzima.

Columbia iliruka kutoka Florida tarehe 16 Januari. Sekunde kama 82 baadaye, kipande cha povu gumu linalofunika tangi la nje la mafuta kilibanduka na kuugonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Uzito wake haukufika kilo moja, ila kiligonga kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Wahandisi waliipitia filamu ya mruko kesho yake wakaliona tukio lenyewe, ingawa picha hazikuwa safi kiasi cha kuonyesha ukubwa wa jeraha. Kumbe povu lilikuwa likibanduka miaka yote. Oktoba 2002 tu, safari mbili nyuma, kipande kutoka sehemu ileile ya tangi kilikuwa kimeanguka na kugonga roketi ya pembeni. Chombo kilirudi salama, na safari zikaendelea. Mdharau mwiba mguu huota tende, wamesema wazee, na hapa mwiba ulidharauliwa kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu kila mara mguu ulionekana mzima.

Sehemu iliyogongwa si ya mchezo. Chombo kinaporudi kwenye angahewa, ukingo wa bawa hupata joto la zaidi ya nyuzi 1,600 za Selsiasi, na ndiyo sababu ulitengenezwa kwa paneli za kaboni maalumu. Tundu hapo ni mlango wa moto kuingia ndani ya bawa la alumini.

Basi wahandisi wakaomba picha. Ombi lao lilikuwa dogo sana: jeshi la Marekani lina setilaiti na darubini zinazoweza kukipiga picha chombo kikiwa angani, waombwe waangalie bawa. Tume iliyochunguza ajali baadaye ilikuta maombi matatu ya aina hiyo, kila moja limepita njia yake, na yote hayakufika popote. Katika kikao cha viongozi wa safari cha tarehe 21 Januari ilisemwa kwamba povu si jambo la kushughulisha wakati wa safari hii, kwa kuwa hakuna kikubwa cha kufanya hata kama kuna uharibifu. Huwa naisoma hoja hiyo mara mbili mbili. Yaani kwa sababu hatuna dawa, tusipime ugonjwa.

Mmoja wa wahandisi hao, Rodney Rocha, aliandika baruapepe kali baada ya kujua ombi limekataliwa. Aliandika kwamba uamuzi huo haukuwa sahihi na ulikaribia kuwa wa kutowajibika. Akakumbusha mabango ya usalama yaliyobandikwa kila mahali kazini, yanayowahimiza wafanyakazi waseme waonapo hatari. Kisha hakuituma. Aliichapa, akamwonyesha mwenzake. Mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini, awe Houston au Dodoma, hahitaji kuelezwa kwa nini. Mabango huandikwa na ofisi, lakini mfanyakazi humtazama mkubwa wake usoni kabla ya kufungua mdomo.

Tarehe 23 Januari ndipo wanaanga walipoambiwa kitu. Husband na rubani William McCool walipokea ujumbe wa kirafiki kutoka ardhini: povu liligonga bawa, wataalamu wamepitia, hali kama hiyo imeonekana katika safari nyingine, hakuna wasiwasi wowote kuhusu kurudi. Ujumbe uliongeza kwamba jambo lenyewe halikustahili hata kutajwa, isipokuwa wasije wakashtukizwa na swali la mwandishi wa habari. Husband alijibu kwa kushukuru. Huyo ndiye mtu tunayemwandikia leo kwamba alijitoa mhanga.

Kuna simulizi linaloniumiza kuliko hilo. Wayne Hale, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa safari hizo, aliandika mwaka 2013 jinsi mkubwa mmoja wa NASA alivyotoa maoni yake baada ya kikao kimoja siku zile: kama ngao ya joto imeharibika hakuna la kufanya, na pengine wanaanga wenyewe wangependa wasijue, si afadhali wafurahie safari yao na kufa ghafla wakati wa kurudi, kuliko kukaa angani wakisubiri hewa iishe? Simwoni aliyesema hivyo kama katili. Nadhani alikuwa na huruma ya kweli. Lakini huruma hiyo iliwanyima watu wazima saba, tena marubani, madaktari na wahandisi, haki ya kushiriki katika shauri la maisha yao. Na wala haikuwa kweli kwamba hakuna la kufanya. Tume iliyoongozwa na Admirali Harold Gehman iliwataka NASA wapige hesabu upya, wakaona hewa na mahitaji mengine yangeweza kubanwa hadi tarehe 15 Februari, na Atlantis, chombo kingine cha aina ileile kilichokuwa tayari kinaandaliwa kwa safari ya Machi, kingeweza kuharakishwa na kurushwa karibu na tarehe 10. Ingekuwa kazi ya hatari kubwa, kwa tangi lenye povu lilelile. Huenda ingeshindikana. Hata hivyo kushindwa baada ya kujaribu kungekuwa kifo cha namna nyingine kabisa, na hapo neno mhanga ningelikubali bila ubishi.

Nimeshajibiwa mara nyingi kwamba kila mwanaanga anajua anakalia mafuta yanayolipuka, na akisaini amesaini. Sawa. Walizikubali hatari zinazokuja na safari za anga. Hatari ambayo watu wa chini waliijadili kisha wakaifungia ndani ya faili, hiyo hawakupewa nafasi ya kuikubali. Dereva wa lori anajua barabara inaua. Hilo halimpi mwenye lori ruhusa ya kumficha kwamba breki zimelalamikiwa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Usiku wa kuamkia mruko wa Challenger, wahandisi wa Morton Thiokol huko Utah, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni, walipinga kwa simu kwamba baridi ya Florida ingeufanya mpira wa kuzibia maungio ya roketi kuwa mgumu na kushindwa kazi. Mmoja wao, Roger Boisjoly, alikuwa ameshaandika onyo lake tangu Julai 1985. Allan McDonald, mwakilishi wa kampuni kule Florida, alikataa kutia saini. Wakubwa wakatia. Wengi tunamkumbuka zaidi Christa McAuliffe, mwalimu aliyekufa ndani ya Challenger baada ya kuchaguliwa kati ya waombaji zaidi ya 11,000, na ni haki akumbukwe. Lakini mkutano ule wa simu ndio uliomuua, na sijaona mtu akiuwekea maua. Tume ya Columbia haikumung'unya maneno: utamaduni wa NASA ulichangia ajali sawa na povu lenyewe.

Asubuhi ya tarehe 1 Februari, familia zilikuwa kando ya njia ya kutua Florida, mbele ya saa kubwa inayohesabu kurudi nyuma. Columbia ilitakiwa kugusa ardhi saa 3:16 asubuhi. Vipimo vya bawa la kushoto vilianza kupotea kimoja kimoja kwenye kompyuta za kituo cha kuongozea safari huko Houston, Husband akaanza kujibu kitu, sauti ikakatika. Ilikuwa imebaki robo saa hivi. Kule Texas watu walitoka nje wakaona mistari ya moshi mweupe ikigawanyika angani, juu ya vichwa vyao. Huku kwetu msibani mtu angeshasema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo, tena iliombwa mara tatu.

Nisiwafanye wale saba kuwa hoja tu, maana walikuwa watu wenye mambo mengi ya kusimuliwa. Kalpana Chawla alitoka Karnal, mji wa Haryana nchini India, na safari yake ya 1997 ilimfanya mwanamke wa kwanza mzaliwa wa India kwenda angani. David Brown alikuwa daktari na rubani wa jeshi la majini ambaye ujanani alifanya kazi ya sarakasi. Laurel Clark naye alikuwa daktari wa jeshi hilohilo. Michael Anderson alisimamia majaribio ya kisayansi, yapatayo 80, yaliyofanywa kwa zamu usiku na mchana. Ilan Ramon, Mwisraeli wa kwanza angani, mama yake alinusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Alibeba nakala ya mchoro wa mandhari ya mwezini uliochorwa na Petr Ginz, kijana aliyeuawa katika kambi hiyohiyo. Kurasa za shajara ya Ramon ziliokotwa Texas, zimeiva kwa jua na mvua lakini baadhi zikisomeka. Hata minyoo midogo ya maabara iliyokuwa kwenye makopo ya majaribio ilikutwa hai. McCool, Brown, Clark na Ramon ilikuwa ndiyo safari yao ya kwanza.

Kuna wengine wawili ambao karibu hakuna anayewataja. Watu wapatao 25,000 walishiriki kuyatafuta mabaki katika misitu ya misonobari ya mashariki mwa Texas, wakitembea bega kwa bega kwenye miiba na matope, huku wenyeji wa mji mdogo wa Hemphill wakiwapikia chakula. Tarehe 27 Machi 2003 helikopta moja ya msako huo ilianguka, wakafa rubani Jules Mier na Charles Krenek wa idara ya misitu ya Texas. Kwangu mimi waliokufa kwa sababu ya Columbia ni tisa, na hesabu ya saba ina upungufu.

Msako huo ulipata vipande zaidi ya 84,000, karibu asilimia 38 ya uzito wa chombo. Hapo NASA walifanya jambo ambalo nalithamini kuliko hotuba zote. Mabaki ya Challenger yalikuwa yamezikwa katika mashimo ya makombora yasiyotumika huko Cape Canaveral, yakafunikwa. Mabaki ya Columbia yakahifadhiwa katika ghorofa ya 16 ya jengo kubwa la kuunganishia roketi pale Kennedy, kituo cha NASA cha kurushia vyombo huko Florida, na watafiti huazimwa vipande ili wajifunze jinsi chuma na kaboni vinavyokufa kwa joto. Wafanyakazi wapya hupelekwa kuviona. Mwaka 2015 baadhi ya vipande vya vyombo vyote viwili viliwekwa hadharani kwa wageni, kwa ridhaa ya familia. Mhandisi kijana anayesimama mbele ya ukingo ule wa bawa hawezi kuambiwa habari za mhanga akatosheka. Atauliza nani alijua, na lini.

Maswali hayo yalizaa matunda. Safari zilipoanza tena mwaka 2005, kila chombo kilikaguliwa kikiwa angani kwa mkono mrefu wenye kamera, na vilivyokwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga vilipinduka taratibu mbele ya kituo ili tumbo lote lipigwe picha. Mei 2009, Atlantis ilipokwenda kuikarabati darubini ya Hubble, mahali ambapo wanaanga wasingeweza kukimbilia kituoni, chombo kingine, Endeavour, kilisimamishwa kwenye jukwaa la pili la kurushia, kikiwa tayari kwenda kuwachukua kama bawa lingekutwa na tundu. Haikuhitajika. Ilisubiri hadi Atlantis ikawa haina tena shida, kisha ikageukia safari yake yenyewe, iliyoruka Julai.