Ukienda kununua mashine ya kupasulia kuni, uliza lita kabla ya tani

Wauzaji wa mashine za haidroliki za kupasulia kuni wana neno wanalolipenda: tani. Tani 20, tani 30, tani 37, zimeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, na kijana wa dukani anapiga boriti kwa kiganja huku akikuambia, "Mzee, hii hakuna gogo itaishinda." Huenda ni kweli. Lakini kwa mtu anayepeleka kuni kwenye viwanda vya chai huku Kericho, anayelipwa kwa mita ya ujazo baada ya kuni kupangwa na kupimwa, tani ni swali la pili. La kwanza ni pampu inasukuma lita ngapi za oili kwa dakika, maana oili ndiyo inayoisukuma pistoni, na silinda inameza lita ngapi kabla pistoni haijafika mwisho.

Asiyejua biashara hii anaweza kushangaa kwa nini tunahangaika kupasua. Kiwanda cha chai kinahitaji joto la kunyausha majani na kuyakausha, na boila nyingi za huku zinakula kuni za mkaratusi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni mbichi namna hiyo hutoa joto la takriban megajuli 8. Ikikauka mpaka maji yabaki asilimia 20, hutoa zaidi ya 14. Gogo zima lenye gamba linakaa na maji yake muda mrefu sana, bali lililopasuliwa linayaachia kupitia uso ulio wazi. Ndiyo maana meneja wa kiwanda anakagua mipasuko kwanza, hata kabla ya kuuliza bei. Na mkaratusi upasue ungali mbichi. Ukiuacha ukauke mzima, utautafuta ule upole wake usiuone.

Sasa hesabu. Chukua silinda ya kipenyo cha sentimita 10 na mwendo wa sentimita 60. Ndani yake mnaingia lita 4.7 za oili. Pampu ya lita 42 kwa dakika itaijaza kwa sekunde 7 hivi, na kurudi ni sekunde 5, kwa sababu upande wa kurudi sehemu ya nafasi imeshikwa na fimbo ya pistoni. Jumla sekunde 12. Kwa shinikizo la baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo), silinda hiyo inasukuma kwa tani 16. Muuzaji atakuambia ongeza kidogo uchukue ya sentimita 12.5, upate tani 25. Sawa, lakini pampu ni ileile. Ni kama kubadilisha debe ukaweka pipa chini ya bomba lilelile: lita zinakuwa zaidi ya 7, na mzunguko mzima unakaribia sekunde 19. Umelipa zaidi ili upunguze kasi. Kwa mkaratusi ulionyooka, mbichi, tani 16 zinatosha karibu kila mara. Hizo 25 ni za mafundo na za miti ya mashambani iliyokua peke yake, yenye matawi kila upande.

(Hizo tani 37 nazo zina maneno yake. Silinda ya sentimita 12.5 ingehitaji karibu baa 300 ili kuzifikia. Ukiona pampu na mipira yake ya kupitishia oili imeandikwa baa 200, ujue kilichoandikwa ubavuni ni rangi tu.)

Kuna ufundi mmoja unaofanya injini ndogo iweze kazi hii, na usikubali mashine isiyokuwa nao: pampu ya hatua mbili. Ndani yake mna jozi mbili za gia. Pistoni inapotembea bila kizuizi, zote mbili zinasukuma oili na mwendo ni wa haraka. Kabari ikigusa gogo na shinikizo likapanda, ile kubwa inaachia na ndogo inabaki peke yake, ikisukuma kama robo ya oili ile kwa nguvu kamili. Bila mpango huo, lita 42 kwa baa 200 zingetaka kilowati 14. Kwa hatua mbili unahitaji 4 na kidogo, ukishahesabu kinachopotea njiani. Hiyo ni kama nguvu za farasi 5.6, ndiyo sababu mashine nyingi za aina hii huja na injini ya farasi 6.5.

Hapo ndipo sisi wa milimani tunapoibiwa bila mwizi. Farasi hao 6.5 walipimwa karibu na usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua uzito. Kericho tuko kama mita 2,000 juu. Kwa hiyo farasi 6.5 wanabaki 5.2, wakati pampu inataka 5.6. Asubuhi yote mashine inakwenda vizuri kwenye magogo laini, unaisifu. Likija la fundo, injini inakohoa na kuzima. Unamwita fundi, anasafisha kabureta, anabadilisha plagi, unalipa, na gogo linalofuata la fundo linaizima tena. Injini haina ugonjwa. Ni ndogo kwa mahali ilipo, basi.

Vilevile usidanganyike kwamba utafunga pampu kubwa zaidi kwenye mashine ndogo ukapata kasi. Pistoni inaporudi, oili inayotoka upande wa nyuma ni nyingi kuliko inayoletwa na pampu. Kwa silinda yetu ya sentimita 10 yenye fimbo ya sentimita 5, pampu ya lita 60 inamaanisha lita 80 kwa dakika zinazopita kwenye valvu na mpira wa kurudishia. Vikiwa vyembamba, kasi uliyoinunua inageuka joto, oili inakuwa nyepesi kama maji, sili, zile pete za kuzuia oili isitoke, zinaanza kuvuja. Na uvujaji usiutafute kwa kidole. Oili ya baa 200 inapenya ngozi kupitia tundu usiloliona, na hospitali watakukata nyama kuitoa. Pitisha kipande cha katoni, ndicho kilowe badala ya kidole.

Hata hivyo, sekunde za pistoni si ndizo zinazokula siku. Gogo la mkaratusi mbichi lenye urefu wa mita moja na kipenyo cha sentimita 30 lina uzito wa karibu kilo 70. Viwanda ninavyopelekea vinataka urefu huohuo wa mita moja. Magogo kama tisa yanatosha kujaza mita moja ya ujazo iliyopangwa. Ukipasua kila moja vipande vinne kwa kabari ya kawaida, pistoni inakwenda mara 27, na kila nusu inayoanguka chini lazima mtu aiinamie, aibebe, aipandishe tena. Ukiwa na kabari ya njia nne, inayotoa vipande vinne kwa msukumo mmoja, pistoni inakwenda mara tisa na hakuna anayeinama kwa nusu. Tofauti hiyo hakuna pampu itakayokupa. Sharti lake ni kwamba kabari hiyo iweze kuondolewa, maana kwenye mafundo inakwama vibaya. Hapo kweli tani zina kazi.

Na usisahau kilima. Huku kwetu kila shamba lina mteremko. Weka mashine chini ya ukingo, magogo yashuke kwa kubingirika mpaka usawa wa boriti. Mashine zenye mikono ya kunyanyulia magogo zinauzwa ghali, mteremko uko bure. Pia pima nafasi kati ya kabari na bamba la kusukumia kabla hujalipa. Mashine nyingi zinazoletwa kutoka nje zilitengenezwa kwa ajili ya majiko ya nyumbani ya Marekani na Ulaya, ambako kuni ni za sentimita 40 hivi. Hata zile za gurudumu zito zinazopasua kwa sekunde 3, ambazo watu wananitumia video zake kila wiki, gogo la mita moja haliingii. Sina ugomvi nazo. Si zetu.

Kitu cha mwisho kuhusu kasi ni mkono ulioshika liva. Mkaratusi mbichi mara nyingi unafunguka kabari ikiwa imeingia sentimita 25 au 30. Mwenye uzoefu anasikia ule mlio, anarudisha pale pale. Mgeni anaacha pistoni iende hadi mwisho kila mara, na ameshakula mara mbili ya muda bila kujua. Lakini kibarua anayelipwa kwa mita atatafuta njia za mkato: nimeona liva imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili ibaki mbele, mwenye mashine anapanga magogo kwa mikono miwili. Kiwango cha Ulaya cha EN 609-1 kinataka mikono yote miwili iwe kwenye vidhibiti ndipo pistoni isogee, na mimi naona Wazungu hapa wamepatia. Ikiwa mmoja anapanga na mwingine anashika liva, vidole vya yule wa kwanza viko kwenye akili ya yule wa pili. Mtu mmoja, mashine moja. Wa pili akae kule anakobingirisha magogo.

Kwa pesa zangu, leo ningechukua silinda ya sentimita 10, pampu ya hatua mbili ya lita 60, injini ya farasi 13, kabari ya njia nne inayochomoka, na nafasi ya mita moja na robo hivi. Na nisingetoa hata shilingi kabla gari halijafika dukani na magogo yangu mwenyewe, yale ya fundo yakiwa juu.