Skripti Yangu Ilinifungia Nje

Sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitapanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, takriban kilomita 350, ili kubadilisha mstari mmoja wa maandishi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na aliyenitia katika safari hiyo ni mimi mwenyewe.

Seva ya tawi letu la Tanga ilitumia Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, nami niliitunza nikiwa Dar es Salaam kwa SSH, njia salama ya kuiamuru kompyuta iliyo mbali. Zamani kidogo nilikuwa nimehamisha mlango wa kuingilia kutoka poti 22 (poti ni namba ya mlango wa mtandao), ambako wadukuzi hubisha hodi usiku na mchana, hadi poti 2222, kisha nikaiagiza kinga ya mtandao iruhusu hiyo mpya peke yake. Baadaye nilichoka kusimika seva kwa mkono, nikaandika skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha, ya kuziandaa zote kwa namna moja, na juu ya kila faili ililolitengeneza iliweka onyo langu: “Faili hili linasimamiwa na programu. Usilihariri kwa mkono.” Onyo hilo nililipenda sana.

Debian yenyewe ina adabu katika jambo hili. Kifurushi cha programu kikiboreshwa, na dpkg, programu inayosimika vifurushi, ikakuta faili la mipangilio ambalo msimamizi amelibadilisha, husimama na kumuuliza kama achukue toleo jipya au abaki na lake, na akibonyeza Enter kwa usingizi, lake ndilo linalobaki. Skripti yangu haikupata malezi hayo. Iliandika juu ya chochote ilichokikuta, ikawasha SSH upya na kutangaza mafanikio kwa herufi za kijani. Nilizifurahia herufi hizo kiasi kwamba niliiendesha mara ya pili ili nizione tena, kisha nikafunga dirisha kwa madaha, ingawa muunganisho uliokuwa wazi ndio pekee ambao ungeniokoa.

Nilipojaribu kurudi, poti 2222 haikuwa na mtu, kwa sababu SSH ilikuwa imerejeshwa kwenye 22. Na kwenye 22 nilizuiwa na kinga ya mtandao, kitu pekee ambacho skripti yangu ilikuwa imekiheshimu.

Tanga nilipokewa na mzee wa stoo, mwenye funguo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mtambo wako sijaugusa tangu uliponikataza. Hata buibui nimemwacha.”

Nilisogeza ngazi iliyokuwa mlangoni, nikaazima kibodi na skrini kwa karani, nikaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Sikuwa na wasiwasi, kwani skripti ilikuwa imeagizwa kuweka nakala ya akiba ya kila faili kabla ya kuliandika upya. Nikaifungua nakala ya sshd_config, faili la mipangilio ya SSH. Mstari wa kwanza ulisomeka: “Faili hili linasimamiwa na programu.” Mara ya kwanza skripti ilihifadhi faili langu, mara ya pili, nilipokuwa nikitazama rangi ya kijani, ilihifadhi faili lake juu ya langu.

Ikanibidi niandike kila kitu kwa kumbukumbu, na jina la mhasibu nikalisahau katika orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, jambo ambalo alinikumbusha kwa simu kabla sijanyanyuka kwenye ndoo. Safari hii mistari yangu niliiweka katika faili la pekee ndani ya sshd_config.d, saraka ambayo Debian huisoma mwanzoni, na kwa kuwa katika mipangilio mingi SSH hushika thamani ya kwanza inayoikuta, yangu ndiyo inayotangulia. Skripti nayo niliiondolea ruhusa ya kuikanyaga saraka hiyo, na nikaifundisha kusimama na kuuliza kila inapokuta faili lenye mkono wa mtu.

Nilipokuwa nikiaga, mzee aliinua miwani.

“Ile ngazi uliikuta wapi?”

“Mlangoni, mzee.”

“Na mimi naiona dirishani.”

Nikarudi ndani kuihamisha.