Acheni kutuambia "legeza mkono"

Simama kwenye uwanja wowote wa mazoezi ya gofu, uwe Lugalo ya Dar, Nyali ya Mombasa au Muthaiga ya Nairobi, na nusu saa haitapita kabla hujasikia mtu akiambiwa: "Bosi, legeza mkono." Atasema kedi, yule anayekubebea mfuko wa fimbo, atasema rafiki uliyekuja naye, na hata yule wa pembeni ambaye mpira wake umetoka kupotelea vichakani. Na wote wanasema kweli. Wengi wetu tunabana fimbo kupita kiasi. Ila sijamwona aliyepona kwa kuambiwa hivyo. Analegeza kwa mapigo mawili, fimbo inamzunguka mkononi, la tatu anabana kuliko mwanzo.

Mkono haubani kwa ukaidi. Unabana kwa sababu umehisi fimbo inataka kuponyoka, na kazi ya mkono tangu tuumbwe ni kuzuia kitu kisiponyoke. Iondoe sababu, mkono utalegea bila kuamrishwa. Iache sababu palepale, hata uhubiriwe mchana kutwa, utabana tu.

Mahubiri yenyewe yanayopendwa zaidi ni yale ya ndege: shika fimbo kana kwamba umeshika kinda la ndege, asiruke na asiumie. Maneno hayo huhusishwa na Sam Snead, Mmarekani wa Virginia aliyeshinda mashindano 82 ya PGA Tour, ule msururu wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, rekodi ambayo Tiger Woods aliifikia mwaka 2019. Kwenye gofu sina ubavu wa kubishana na Snead. Lakini tupige hesabu kidogo. Kichwa cha draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kina uzito wa gramu 200 hivi. Mchezaji wa kawaida wa klabu akikipeleka kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, kwenye duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita moja na nusu na ushei, basi kikifika chini kwenye mpira kinavuta kuelekea nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20 hivi. Hiyo ni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, imening'inia kwenye vidole vyako kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna kinda la ndege linalovuta hivyo.

Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipoweka vihisio ili kupima nguvu ya mikono wakati wa swingi, yaani ule mzunguko wa kuipeleka fimbo kwenye mpira, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, hawakukuta mstari ulionyooka. Nguvu ya mshiko hupanda na kushuka ndani ya pigo moja, na kila mchezaji ana mchoro wake unaojirudia pigo baada ya pigo, tofauti na wa mwenzake. Kwa hiyo hata ule ushauri wa pili, kwamba mbano ubaki uleule toka mwanzo hadi mwisho, ni wa kumtuliza mwanafunzi tu. Mkono utaongeza nguvu wenyewe pale ndoo inapoanza kuvuta. Wewe unachoweza kuamua ni unaanzaje, na fimbo imelala wapi mkononi.

Kuna pia kipimo cha moja hadi kumi. Mwalimu anakwambia shika kwa nne, au kwa tano. Nne ya nani? Maprofesheno wengi, yaani wachezaji wa kulipwa, wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kama makedi, vijana waliobeba mifuko ya watu tangu utotoni na wengine kushika jembe kabla ya hapo. Kijana kama huyo akikwambia ameshika kwa ulaini, ulaini wake ndio nguvu zote za mhasibu anayeshinda kwenye kompyuta. Snead naye alikuwa mtu wa shamba. Mwenye nguvu akisema "kidogo" anamaanisha kidogo chake.

(Na zile makala zinazosema utajua umebana ukiona vifundo vya vidole vimegeuka vyeupe, sijui ziliandikwa kwa ajili ya nani. Vyangu havijawahi kugeuka.)

Nieleze basi kwa nini kubana kunaumiza pigo, maana watu hurudia tu bila kueleza. Misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kwenye vidole. Imekaa kwenye kigasha, kuanzia karibu na kiwiko, na kano zake zinapita juu ya kifundo cha mkono kabla ya kufika vidoleni. Kunja ngumi kwa nguvu zako zote kisha jaribu kupunga mkono kwa haraka. Kifundo kimekuwa kama kimefungwa bandeji. Sasa, kifundo ndicho kinachopaswa kufunguka kwa kasi karibu na mpira, ili uso wa fimbo, yaani bapa linalogonga mpira, urudi ukitazama shabaha. Kikiwa kigumu, uso unachelewa, unabaki wazi (haujarudi kutazama shabaha), na kwa mtu anayetumia mkono wa kulia mpira unapinda kwenda kulia. Kule kulia ambako karibu kila klabu ina ukuta, barabara au shamba la mtu. Ukiendelea miaka, kiwiko nacho kitaanza kudai haki yake.

Nikiona mtu anabana, sababu ya kwanza ninayoitafuta ni fimbo iliyolala kwenye kiganja. Wanaoanza wengi huishika kama fagio, ikipita katikati ya kiganja cha mkono wa kushoto. Kiganja hakina mkunjo wa kuifungia, kwa hiyo nguvu pekee iliyobaki ni kuminya. Fimbo inatakiwa ipite kwa mshazari, kutoka shina la kidole cha mwisho hadi kwenye pingili ya katikati ya kidole cha shahada, kisha ule mnofu ulio chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, ulale juu yake. Ukitaka kujua kama umepata, inua fimbo mbele yako kwa mkono wa kushoto, kisha achia kidole gumba na vidole vitatu vya mwisho. Ikiwa imekaa sawa, itabaki hewani, imening'inia kwenye kidole cha shahada na kukandamizwa na ule mnofu. Haihitaji kubanwa, mifupa yenyewe inaibeba. Ikiwa iko kiganjani, itaanguka mguuni mwako.

Glavu nayo ni shahidi mzuri. Igeuze uangalie ndani ya kiganja. Ikiwa imechanika au imeng'aa karibu na chini, pale kwenye mnofu, fimbo yako inatembea kila unapopiga, na mkono umekuwa ukiifukuzia. Watu hununua glavu mpya, kisha nayo inatoboka palepale, na wanalaumu ubora wa glavu.

Ama kuhusu mikono miwili iunganishweje, kwamba kidole cha mwisho cha kulia kikae juu ya vidole vya kushoto kama alivyofanya gwiji wa zamani Harry Vardon, mshindi mara sita wa The Open, shindano kuu la gofu la Uingereza, au vidole vifungane kama wanavyofanya Jack Nicklaus na Tiger Woods, mimi sioni ugomvi. Chagua kinachokukaa.

Ninapotaka tukae kidogo ni kwenye mpini wenyewe, yaani ule mpira unaovishwa juu ya fimbo, kwa sababu hapa kwetu ndipo shida kubwa ilipo na ndipo pasipotajwa. Seti nyingi tunazochezea ni za mtumba. Zimekaa gereji ya mtu Ulaya au Marekani kwa miaka, zikavuka bahari kwenye kontena, zikanunuliwa na mtu wa kwanza, wa pili, halafu wewe. Vichwa vya chuma vinastahimili hayo yote, hata vikiwa na mikwaruzo vinapiga vizuri. Mpira haustahimili. Unakauka, unakuwa mgumu, unang'aa, mifereji yake inafutika. Kisha sisi tunamalizia kazi: seti inalala kwenye buti la gari, gari liko juani Upanga au Posta, jijini Dar, toka asubuhi, jioni unaitoa ikiwa na joto la kuchoma. Mpira wa namna hiyo ukikutana na mkono wenye jasho la pwani, mwezi wa pili, saa nane mchana, ni kama umeshika sabuni. Ukimwambia mtu huyo alegeze mkono unamwambia aitupe fimbo.

Wachezaji wa bara wanaoshuka pwani wanalijua hili hata kama hawalisemi. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu na ya baridi kidogo, mpira unakwenda mbali na mikono haina maji. Mtu yuleyule, fimbo zilezile, akija Dar au Mombasa anaanza kupinda kulia kuanzia shimo la tatu au la nne, na watu wanasema ni upepo wa bahari. Huenda. Lakini tazama anavyojifuta mikono kwenye suruali.

Fanya hivi kabla hujamlipa mwalimu hata mara moja. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani, sugua mpini kuanzia juu hadi chini. Maji yatakayotoka yatakuwa meusi, hayo ni mafuta ya mikono, jasho na losheni ya watu wote waliopita. Suuza, futa, anika kivulini. Fimbo nyingi zinarudi kuwa na mshiko wa kunata kiasi ambacho hukutegemea. Ikiwa baada ya kuoshwa bado unang'aa, au ukiuminya kwa ukucha haubonyei, umekufa; ubadilishe. Kubadilisha si uchawi: unakata wa zamani, unavisha tepu yenye gundi pande mbili, unamimina kimiminika cha kulainisha gundi, unausukuma mpya juu ya tepu na kuunyoosha kabla haujashika. Fundi wa klabu anafanya fimbo moja kwa dakika chache. Kwa pwani chagua yenye nyuzi ndani ya mpira, inakwaruza kidogo lakini jasho haliisumbui.

Angalia na unene. Ukishika kwa mkono wa kushoto, ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu ule mnofu wa chini ya gumba. Zikichimba ndani, mpini ni mwembamba mno kwako na utaminya ili kujaza nafasi. Zikiachana mbali na mnofu, ni mnene, vidole havifungi na utaminya vilevile. Wanawake wengi wanaorithi seti za waume zao wako kwenye kundi hili la pili, halafu wanaambiwa hawana nguvu.

Sasa hofu. Hiyo siwezi kuiosha kwa sabuni. Pigo la kwanza la asubuhi, watu wako barazani na chai zao, jina lako limetajwa, mbele kuna bwawa. Hapo mkono unabana hata wa bingwa. Kinachosaidia ni kutokaa kimya juu ya mpira. Mtu anayesimama ameganda, akihesabu mambo sita aliyofundishwa, anaongeza mbano kila sekunde bila kujua. Chezesha kichwa cha fimbo nyuma ya mpira, mbele na nyuma kidogo, usikie uzito wake. Ukiusikia uzito, umeshika vya kutosha na hujazidisha. Ukiwa huusikii, umebana. Kwangu hicho ni kipimo bora kuliko namba zote, na hakitegemei wewe ni mwashi au mhasibu. Njia nyingine ni kuminya kwa makusudi, kwa nguvu zote, kisha kuachia taratibu huku unatoa pumzi, halafu upige kabla mkono haujakumbuka hofu yake.

Nikubali upande wa pili pia. Kuna wanaoshika kwa ulegevu wa kweli, mara nyingi ni waliotii mahubiri ya ndege. Hao hushtuka katikati ya safari: fimbo inaanza kushuka, wanahisi inakwenda, wanaikamata ghafla. Mkamato huo wa ghafla unavuruga kuliko kubana toka mwanzo, maana uso wa fimbo unageuka wakati hakuna tena nafasi ya kuusahihisha. Nikilazimishwa kuchagua, heri anayeanza na mshiko imara kidogo akafika nao.

Na kuna mahali ambapo kubana ni sahihi kabisa. Mpira ukiingia kwenye majani marefu, hasa baada ya masika yakiwa yameshiba maji, majani hujisokota kwenye shingo ya fimbo na kuufunga uso wake, mpira ukaruka chini na kushoto. Hapo kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, ufungue uso wa fimbo kidogo, uchukue wedji, fimbo fupi ya kuinua mpira, badala ya ile fimbo namba tano ya kupigia mbali unayoitamani, na urudishe mpira kwenye majani mafupi. Kedi akisema legeza, mwambie asubiri shimo lijalo.