Efekti Uliyoizima Bado Inakula

Jumamosi moja, saa kumi jioni, tukiwa tunapima sauti ukumbini kabla ya harusi, mwimbaji wetu aliniita pembeni. Mafua yalikuwa yamemkaba. "Kaka, leo G siiwezi. Tushuke nusu toni." Nikamwambia asihofu, mashine yangu ya efekti za gitaa inashusha. Nikainama, nikatafuta bloku (kila efekti kwenye kioo cha mashine ni bloku moja) ya kushusha sauti, nikaikuta ya kijivu, haichaguliki. Nikazima koras, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi. Bado kijivu. Nikazima rivabu, ile inayoipa sauti mvumo wa ukumbi mkubwa, kisha ampi ya pili ya kuigizwa na mashine ambayo hata sikupanga kuigusa usiku ule. Kijivu vilevile. Mzee wetu wa ridhimu, aliyeanza kushika gitaa mimi sijazaliwa, alikuwa amekaa juu ya kasha la spika akinitazama tu. "Kijana, legeza nyuzi," akasema. "Nyuzi hazina prosesa."

Nikalegeza nyuzi. Tulipiga salama, na aliyegundua ni mpiga besi peke yake, ambaye naye alilazimika kulegeza zake huku akinung'unika. Lakini ile rangi ya kijivu ilinikera wiki nzima. Nilikuwa nimezima karibu kila kitu, sasa nguvu ya prosesa, ile chipu ya kupiga hesabu ndani ya mashine, ilikuwa inaliwa na nani?

Ilikuwa inaliwa na hivyohivyo nilivyovizima, na hili wengi wetu tunaopiga gitaa kwa mashine za kidijitali hatulijui, au tunalijua kwa kichwa lakini mkono bado unabonyeza pedali ukidhani umepunguza mzigo.

Kompyuta ya nyumbani ikilemewa inakuzungushia kile kiduara, unasubiri, mambo yanaendelea. Sauti haisubiri. Mashine nyingi za efekti hupokea sauti ya gitaa kama sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 48,000 kwa kila sekunde. Hata zikichakatwa kwa mafungu madogo madogo, hesabu ya kila fungu lazima iishe kabla fungu linalofuata halijafika. Sampuli moja ina nafasi ya takribani sehemu 21 kati ya milioni moja za sekunde, na ndani ya muda huo ipite kwenye kompresa, ampi, spika, mwangwi na vyote ulivyopanga. Prosesa ikichelewa hata kidogo utasikia mikwaruzo na kukatika.

Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji wameamua mashine ikatae mapema kuliko kukuaibisha jukwaani. Kwenye Helix ya Line 6, kwa mfano, kila modeli ya efekti au ampi ina gharama yake inayojulikana tangu mwanzo, na ukiiweka kwenye mstari gharama hiyo inatengwa yote, efekti iwe imewashwa au imezimwa. Lazima iwe hivyo, maana ukibonyeza pedali katikati ya wimbo unataka efekti iingie papo hapo. Mashine hii si daladala, ambamo konda atakuambia songa nyuma nafasi ipo. Ni basi la levo siti. Abiria aliyekata tiketi akachelewa kufika, kiti chake ni chake, na wewe uliye mlangoni utabaki mlangoni. Ukitaka nafasi, usiizime bloku. Ifute.

Kisa changu hapo kilikuwa rahisi sana kukieleza. Nilikuwa nimejenga priseti moja, yaani mpangilio mmoja wa efekti uliohifadhiwa, ya usiku mzima. Ampi safi ya rumba, ampi chafu ya zile nyimbo mbili za roki ambazo bwana harusi mmoja kati ya kumi huziomba, koras, miangwi miwili, rivabu ndefu yenye kumeremeta, na mfano wa gitaa la kavu. Sababu niliyojipa ilikuwa nzuri. Ukihama kutoka priseti moja hadi nyingine, mashine nyingi hukata sauti kwa kitambo kidogo zikipakia upya, na mkia wa mwangwi hupotea. Ukibaki ndani ya priseti moja na kubadilisha hali zake tu, zile wanazoziita snepshoti, hakuna mkatiko. Raha tupu, ila raha hiyo ina bei. Kila utakachokihitaji usiku kucha kinakaa ndani ya prosesa tangu wimbo wa kwanza.

Kati ya hasara hizo mbili, sasa nachagua mkatiko. Najua wenzangu wengi hawakubaliani nami.

Watakuambia ununue mashine kubwa. Sikatai kwamba ukubwa unasaidia, lakini nimeona kwa macho yangu watu wenye Helix kubwa ambao wameijaza nusu tu na wanalalamika imejaa. Ile ina prosesa mbili, na njia ya kwanza ya sauti inatumia moja, njia ya pili nyingine. Mtu anarundika kila kitu njia ya kwanza, ya pili imelala usingizi, halafu anaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mashine ni dhaifu. Ukihamishia mwangwi na rivabu njia ya pili, ukaunganisha ya kwanza iingie humo, umepumua.

Tena idadi ya nafasi kwenye kioo isikudanganye. HX Stomp, mdogo wake Helix, ilipotoka mwaka 2018 ilikuwa na nafasi sita za bloku. Mwaka 2020 toleo jipya la programu likazifanya nane. Watu walishangilia, nami nilishangilia, lakini chipu ndani ya kile kiboksi ilikuwa ileile. Viti viliongezwa, injini haikubadilishwa. Ukiweka ampi nzito na kishusha sauti cha nyuzi zote kwa pamoja, utashangaa jinsi nafasi zilizobaki zinavyokuwa za mapambo.

Na hicho kishusha sauti ndicho mlafi mkubwa. Kucheza na noti moja moja ni kazi nyepesi, lakini kuchukua kodi nzima yenye noti sita, kuzishusha zote bila kuzivuruga, na kufanya hivyo haraka mkono usihisi kuchelewa, hiyo ni hesabu nzito kwelikweli. Ampi zinafuata, halafu rivabu za kisasa zenye mawingu na malaika. Ikwaliza, kompresa, pedali ya sauti na kizuia kelele havili chochote cha maana. Mashine za Fractal hukuonyesha asilimia ya matumizi ya prosesa na kukuruhusu uchague ubora wa rivabu, na mimi naona kila mtengenezaji angepaswa kuweka namba hiyo wazi. Kuwekewa rangi ya kijivu bila maelezo ni kama kwenda dukani ukaambiwa "hela yako haitoshi" bila kutajiwa bei.

Lakini kama kuna upotevu unaoniuma kuliko wote, ni stirio, sauti ya kushoto na ya kulia kila moja na yake.

Kumbi nyingi tunazopiga, na makanisa pia, gitaa linaingia kwenye mikisa kwa waya mmoja. Fundi mitambo anaipeleka sauti hiyo spika ya kushoto na ya kulia, zote sawa. Mgeni aliyekaa karibu na keki anasikia kilekile anachosikia aliyekaa karibu na mlango. Sasa wewe nyumbani, na hedifoni zako, umetengeneza koras ya stirio, mwangwi unaoruka kushoto kulia, rivabu pana kama bahari. Bloku ya stirio hula karibu mara mbili ya ile ya mono, yenye sauti moja tu. Umelipa nauli ya watu wawili na amesafiri mmoja. Afadhali nusu ya hiyo nguvu ingekwenda kwenye ampi, maana ampi ndiyo sauti yako.

Na bado fundi mwenyewe ana rivabu yake kwenye mikisa, na ataiweka tu, umwombe au usimwombe. Kwenye sebene, ambapo magitaa ya solo na mi-solo yanafukuzana noti kwa noti, rivabu mbili zikipandana unapata uji. Muziki huu unataka kila noti isimame peke yake, isikike ikianza na ikiisha. Mimi rivabu ya ukumbini nimemwachia fundi, nikabaki na mwangwi mmoja mfupi.

Faili zinazoigiza sauti ya spika, zile IR, nazo tunazigombania bure. Faili la sampuli 2,048 ni kama milisekunde 43 za sauti, la 1,024 ni nusu yake na linakula nguvu pungufu. Studio, sawa, sikiliza tofauti. Ukumbini, feni zikizunguka na mshereheshaji hajaachia kipaza sauti, sijawahi kumwona mtu anayeitambua. Na ukichomeka kwenye ampi halisi iliyopo jukwaani, futa kabisa bloku ya spika, kwa sababu unapitisha spika ndani ya spika na sauti inatoka imefunikwa blanketi.

Siku hizi priseti yangu ya harusi ina kompresa, ampi moja, spika ya faili fupi, koras ya mono, na mwangwi. Zile roki mbili zina priseti yao, na wimbo wa kushusha nusu toni una yake, ambamo kishusha sauti kinakaa na ampi nyepesi bila mapambo. Kuhamia huko kunakata sauti kwa kufumba na kufumbua. Nilimweleza mpiga dramu. Nikimgeukia na kuinua kidevu, anajua nataka kubonyeza, anapiga roli ya nusu baa, nami nabadilisha humo ndani. Mwezi uliopita bibi harusi alituambia alizipenda sana zile roli.