Mche Wenye Majani Mawili Hauhitaji Chupa Yako

Wiki iliyopita, nikisubiri chenji kwenye duka moja la pembejeo katikati ya Kampala, nilimsikia kijana wa kaunta akimwambia mama mmoja: “Nnyabo (yaani mama), mbegu ikichomoza tu, mwagilia hii. Ni ya asili, haina madhara.” Hiyo “hii” ilikuwa chupa ya mbolea ya maji ya kulishia miche, rangi ya kahawia, bila neno lolote la kueleza kilichomo. Mama akalipa, akashukuru, akaondoka. Hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Ya asili, haina madhara! Samadi mbichi ya kuku nayo ni ya asili. Imwage kwenye trei ya nyanya uone kama utabaki na cha kuhamishia bustanini.

Mbegu huja na akiba yake. Akiba hiyo ndiyo inayousukuma mche utoke na kufungua yale majani mawili ya mwanzo, yasiyofanana hata kidogo na majani ya mmea wenyewe. Mpaka majani halisi yatokeze, mche unataka maji kiasi, hewa na mwanga, basi. Ukiulisha mapema, chumvi na amonia zinaunguza mizizi ambayo bado ni michanga, na kinachobaki juu ya udongo kinaoza. Hapo vijinzi vyeusi vinahamia, na kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche michanga, haukawii: jioni miche imesimama wima, asubuhi imelala, shina limenywea pale linapogusana na udongo. Halafu utamsikia mtu akilalamika kwamba aliuziwa mbegu feki. (Mbegu feki zipo Uganda, hilo silibishi. Lakini za kwako ziliota!)

Kuna jambo jingine ambalo wauza chupa hawaligusi. Mmea hauli mbolea ya asili moja kwa moja. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake imefungwa ndani ya protini, na lazima vijidudu wa udongoni waivunje kwanza. Sasa wewe umeotesha kwenye kokopiti safi (unga wa makumbi ya nazi), au kwenye udongo uliouchoma ili kuua magonjwa. Vijidudu watatoka wapi? Mboji iliyoiva imeshafanyiwa kazi hiyo, ndiyo maana mimi naichanganya tangu mwanzo: udongo wa juu mafungu matatu, mboji fungu moja, mchanga fungu moja, vyote vimechekechwa. Huna uhakika kama imeiva? Inuse. Ikikupiga harufu ya mkojo, iache kwanza. Ikinukia udongo, panda humo punje chache za dodo, yaani mchicha. Zikiota na kukua bila kuungua, itumie.

Na mboji haina siri. Ni maganda ya matoke na mabaki ya jikoni, yamekatwakatwa, yamechanganywa na majani makavu, yakaachwa miezi kadhaa. Vitu hivyohivyo ndivyo sehemu kubwa ya taka za Kampala. Tulivirundika kwenye jalala la Kiteezi mpaka Agosti 2024 mlima ukaporomokea nyumba za watu na kuua zaidi ya watu 30. Nikimwona mtu analipa gari la taka limchukulie maganda, kisha anaingia dukani kununua chakula cha miche, nashindwa hata kucheka.

Na ule umanjano wa miche unaokutia wasiwasi? Mara nyingi ni giza. Vyumba vyetu vya kupanga, tunamooteshea miche, vina dirisha moja, nalo limefunikwa pazia zito. Mche unajinyoosha kutafuta mwanga, unakuwa mrefu na dhaifu, nawe unauongezea naitrojeni ili urefuke zaidi. Hongera. Sisi hatuoteshi ndani kwa kukimbia theluji kama wale tunaowatazama YouTube; tunakimbia kuku wa jirani, konokono na mvua ya Aprili. Basi asubuhi toa trei barazani, jioni irudishe.

Majani halisi yakishatoka, haya, lisha. Tithonia, yale maua ya manjano yaliyojaa kandokando ya barabara, ina naitrojeni na potasiamu nyingi kwenye majani yake, na hakuna anayekudai shilingi. Katakata majani, yaloweke kwenye maji wiki mbili hivi, chuja, zimua mpaka yafanane na chai ya rangi iliyo nyepesi, mwagilia kila baada ya siku 10 hadi 14. Nyanya haikai kwenye trei zaidi ya wiki sita, kwa hiyo ni mara mbili tatu tu.

Anayeishi ghorofani bila baraza anunue chupa, sina la kufanya, ila iwe na lebo inayotaja kilichomo, na aanze na robo ya kipimo. Maji ya mabaki ya mukene, wale dagaa wa ziwani, yanafaa, majirani wakikuruhusu. Mkojo wa sungura, ambao kwenye makundi ya WhatsApp sasa unatibu kila kitu, nao unafaa ukizimuliwa kwa maji mara kumi au zaidi. Ila usiuchanganye na jivu: amonia inapaa, naitrojeni uliyoitafuta inaondoka nayo, na mwenye nyumba anagonga mlango kuuliza nini kimekufa humo ndani.