Hapana, Sikumposa Mchumba wa Mtu

Haya, picha mmeiona. Nimepiga goti kwenye matope, mguu mmoja una gambuti, mwingine una soksi iliyotobolewa na kidole gumba, mkononi nimeshika pete, na mbele yangu amesimama dada mrembo ambaye si wangu, kaziba mdomo kwa mikono miwili. Nyuma yake kidogo yuko kaka wa koti jekundu ananitazama kwa jicho ambalo nitakufa nalo. Maneno yaliyoandikwa chini ya picha si yangu. Ni ya rafiki yangu ambaye mpaka Jumamosi asubuhi tulikuwa chanda na pete, na ambaye kufikia Jumamosi jioni alikuwa ameisambaza kwenye kila kundi la WhatsApp alimo, likiwemo la kwaya. Shangazi yangu amenipigia simu kuuliza mahari tunapeleka lini na kwa nini ameyasikia kwa watu. Basi niseme mwenyewe.

Tulikuwa Elephant Hill. Wanaoujua mlima huo wameshaanza kutabasamu. Kwa msioujua, uko kwenye safu ya Aberdare, unaupandia kituo cha msitu cha Njabini, na kilele chake kimepita mita 3,500. Sasa sisi wa Nairobi tunalala kwenye mita 1,800 hivi. Mtu anaamka saa tisa usiku, anapakiwa kwenye matatu akiwa nusu usingizini, na kufikia saa sita mchana anatakiwa awe juu ya mgongo wa tembo akichekea kamera. Mwili una haki ya kulalamika.

Kiongozi wetu analijua hilo. Kabla hatujaingia msituni alitupanga, askari wa msitu akiwa pembeni na bunduki yake (ile si pambo, tembo na nyati wa kule hawana habari kwamba umekuja kupumzisha akili), akatusomea dalili za ugonjwa wa mwinuko. Kichwa kuuma. Kichefuchefu. Kukosa hamu ya kula. Mtu kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, miguu kuisha nguvu ghafla. Akasema, "Ukimwona mwenzako hivyo usimwache aendelee. Mkalishe, mpe maji, mteremshe. Dawa ni kushuka." Wengine muda huo walikuwa wanapiga picha gambuti zao. Mimi nilisikiliza. Katika kundi zima, jamani, aliyesikiliza ni mimi, na malipo yake ndiyo haya mnayoyaona.

Mianzi sitawachosha nayo. Mianzi ni matope, kisha matope, kisha kinyesi cha tembo ambacho kila mtu lazima asimame akipige picha, kisha matope. Balaa lenyewe linaanza ukishatoka hapo juu, kwenye ule uwanda wa baridi usio na miti ya maana. Nyasi zinaota mafungu mafungu, kila fungu limejitenga na jirani yake, na katikati pana maji meusi ambayo huyaoni mpaka mguu uwe umeshaingia. Ama uruke kutoka fungu hadi fungu uteguke kifundo, ama upite katikati uchote maji kwa gambuti. Gambuti zangu niliazima kwa shemeji. Shemeji amecheza raga. Mimi miguu yangu mnaijua. Midomo ya zile gambuti ilikuwa mipana kiasi kwamba ngumi nzima inapita kati ya mpira na mguu bila kugusa popote. Hilo liwekeni akiba.

Kaka wa koti jekundu nilimtilia shaka mapema. Kwenye mapumziko ya kwanza wenzake wanakula, yeye kashika ndizi, anaitazama tu. Hana hamu ya kula, nikasema moyoni, moja hiyo. Kwenye mwinuko ule wa mwisho, pale wapandaji walipopabatiza mahali pa kukata tamaa kwa sababu ndipo unapoona kilele bado kiko kulekule, nilimkuta amejitenga nyuma ya kichaka anaongea peke yake. Midomo inacheza, mikono inaeleza, mbele yake hakuna mtu. Mbili. Akarudi kwa kiongozi, wakanong'ona, akajipapasa kifuani. Tatu! Nikamvuta rafiki yangu pembeni nikamwambia, "Yule kaka anaumwa, tena vibaya." Rafiki yangu akaniangalia, akamwangalia yule kaka, akatabasamu, akasema, "Muache."

Muache! Nikamwona hana utu. Kumbe mpango mzima ulikuwa umeandikwa kwenye kundi la safari tangu Jumatano, nani atashika simu, nani atapiga kelele, nani atamsogeza dada mahali penye mwanga. Mimi lile kundi nilikuwa nimelinyamazisha. Ninyi msionyamazisha makundi yenye ujumbe mia mbili kwa siku njooni mnihukumu, nawasubiri.

Tukafika juu. Siku ikiwa safi, pale unaliona bwawa la Sasumua ambalo Nairobi tunakunywa maji yake. Siku ile ulikuwa unaona mtu wa tatu kutoka ulipo, baada yake ukungu. Watu wakajipanga nusu duara, simu juu. Nikadhani ni picha ya pamoja, nikajisogeza na mimi nikajipangusa kamasi.

Sasa hapa naomba twende polepole, kwa sababu ile video imekatwa na mkataji ana nia mbaya.

Kaka wa koti jekundu amesimama mbele ya dada. Uso umekuwa wa majivu. Jasho linamtoka, na hapo tulipo baridi inauma masikio. Anafungua mdomo, sauti haitoki. Anafungua tena, inatoka nusu ya neno. Mkono wa kulia unapanda taratibu, unaingia ndani ya koti, upande wa moyo, unashika. Unabaki hapo. Nikamtazama kiongozi, kiongozi anatabasamu. Nikamtazama afande, afande anatabasamu. Nikajiambia, huyu mtu atakufa tukiwa tunatabasamu.

Goti la kulia likaanza kukunjika.

Halikukunjika mara moja, maana pale chini hapakuwa sawa. Lilikunjika kidogo, likatetemeka, akayumba kushoto, akajaribu tena. Kati yangu na yeye palikuwa na mafungu manne ya nyasi. Niliyaruka yote bila kugusa maji, na hadi leo hakuna hata mmoja aliyenisifia kwa hilo. Nikamdaka kwa nyuma, mikono chini ya makwapa, nikamnyanyua.

"Nimekushika, kaka! Nimekushika!"

"Niache," akasema.

"Usiongee! Pumua!"

"Bwana, niache!"

Kuchanganyikiwa. Nne. Nikamkaza zaidi. "Mpeni hewa! Nani ana maji? Mbona mmesimama tu?" Nikageuka kuwatazama, na nyuso zilizokuwa zinanitazama si nyuso za watu wanaoona mgonjwa. Hakuna aliyesogea. Kuna mama mmoja alikuwa amejishika kichwa.

Ndipo mkono wake ukachomoka kwenye koti kwa nguvu, na kwenye ule mkono kulikuwa na kijisanduku cheusi, na kijisanduku kikafunguka. Niliiona. Linaloniuma zaidi ni hilo, kwamba niliiona vizuri. Ilipaa juu ya vichwa vyetu, ikazunguka, ikashika ule mwanga mdogo uliokuwepo, nami nikaitazama inavyozunguka huku mdomo wangu unaendelea kusema "pumua, kaka, vuta ndani, toa nje" kwa sababu ulikuwa haujapata taarifa. Kisha ikashuka. Sikusikia ikianguka. Hakuna aliyesikia ikianguka.

Dada akauliza kwa upole kabisa, "Kwani kuna nini?"

Na yule kaka, akiwa bado ananing'inia mikononi mwangu, miguu yake haijafika chini vizuri, akamjibu, "Nilikuwa na swali."

Nilimshusha. Nilimnyoosha koti. Sijui kwa nini nilimnyoosha koti.

Tuliitafuta. Kundi zima magoti chini, tunafarakanisha nyasi fungu kwa fungu, watu wanachovya mikono kwenye yale maji meusi wanatoa vidole vimekufa ganzi. Mimi nilitafuta kuliko wote. Nilizunguka pale juu nikikanyaga kwa adabu, na kila hatua nasikia kijiwe kimeniingia kwenye gambuti ya kushoto, kinachoma chini ya unyayo. Kukitoa nilitaka, ila gambuti iliyojaa maji haivuliwi bila mtu wa kumwegemea, na hebu niambieni, ningemwegemea nani? Afande akaangalia ukungu unavyoshuka, akahamisha bunduki bega, akasema, "Tukikaa hapa zaidi, tutaanza kutafutana sisi." Tukashuka.

Hakuna aliyenisemesha njia nzima. Kwenye mianzi nilianguka mara kadhaa na kila mara nilijiinua mwenyewe. Kijiwe kinachoma, nachechemea, nasema moyoni acha kichome, ni haki yake.

Yaliyobaki ni ya haraka. Tulifika chini, watu wakaanza kuosha matope, nikajiegemeza kwenye matatu nikaivuta gambuti ya kushoto mpaka ikakubali. Nikaipindua. Yakatoka maji, likatoka jani la mwanzi, ikatoka pete. Ikabingirika ikielekea kwenye dimbwi, mimi nikairukia isizame, goti moja likatua, mkono ukaidaka. Nikainua macho ili nimpe mwenyewe.

Mwenyewe hakuwa mbele yangu. Aliyekuwa mbele yangu ni dada. Na rafiki yangu, ambaye njia nzima simu yake ilikuwa imeisha chaji, ghafla chaji ilikuwepo.

Mnataka kujua dada alisema nini? Alitoa mikono mdomoni, akaitazama pete, akaitazama soksi yangu, akauliza, "Itaoshwa?"

Ikaoshwa kwa maji ya chupa. Ikapakwa sanitaiza. Ikaoshwa tena. Ikapuliziwa manukato ya yule mama aliyejishika kichwa, ambaye alipanda mlima na manukato, na simlaumu tena. Kaka wa koti jekundu akapiga goti pale pale penye matope, kando ya tairi, safari hii mimi nikiwa nimeshikwa kila mkono na mtu wake, mmoja wao afande. Dada akakubali kabla swali halijaisha. Watu wakapiga vigelegele, nami nikajaribu kupiga makofi ikashindikana, maana mikono haikuwa yangu.

Kiongozi, kwa taarifa yenu, ameongeza sentensi kwenye maelezo yake ya asubuhi. Nimeambiwa inaanza na "mtu akipiga goti, muulizeni kwanza". Na mwenye kutaka kubishana nami abishane na vitabu vya utabibu: jasho kwenye baridi, uso wa majivu, kukataa ndizi. Angekuwa anaumwa kweli, leo mngekuwa mnachangisha kuninunulia gambuti za saizi yangu.

Shangazi, nimejibu? Picha hiyo futa, na kwenye lile kundi la ukoo wambie wasianze kuulizana sare.

Kamati ya harusi imeshaundwa. Ina kundi lake la WhatsApp, na mimi sijaongezwa. Ila jana rafiki yangu alinitumia orodha ya ahadi za michango, na jina langu liko namba mbili, chini ya baba mzazi wa bwana harusi, na kiasi kimeshajazwa.